Makapi ya Galaksi

Nyinyi mnaokabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta, jambo la kwanza: ile ndoo iliyo chini ya dirisha la pili msiiondoe. Bati linavuja juu yake. Kila mwaka huja kijana mwerevu, anaiona ndoo ni uchafu, anaipeleka stoo, na mvua ikinyesha anakuja mbio kuniuliza ndoo iko wapi. Sasa nimestaafu, mtamuuliza nani?

Jambo la pili ni refu zaidi, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Linahusu vitu tunavyovitupa.

Naitwa Mapendo. Nilikuwa mwalimu wa fizikia kule Uvira, Kongo, nikakimbia vita mwaka 1996 nikiwa na mtoto mgongoni na cheti changu ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto alifika Nakivale, Uganda, salama. Cheti kililowa njiani kikawa uji. Nikafundisha miaka kadhaa katika shule ya makazi yetu ya wakimbizi, kisha nikawa fundi wa maabara ya fizikia katika chuo pale Mbarara mpaka 2015. Sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuchambua eksirei zinazotoka kwenye galaksi za mbali. Najua mnacheka. Mama mmoja wa Kabingo aliyekuwa akiniuzia ndizi alicheka zaidi yenu.

"Banange!" alisema. "Sasa hiyo galaksi ilivunjika mguu?"

Nilimweleza hivi, nanyi nawaeleza hivyo hivyo. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota. Katikati ya galaksi nyingi kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya jua, na linapomeza gesi, gesi hiyo huzunguka, husuguana na kuwaka vikali kabla ya kuzama. Hapo ndipo eksirei zinapotoka. Galaksi ya namna hiyo tunaiita hai. Hewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisitufikie, na tushukuru kwa hilo, kwa hiyo anayetaka kuziona lazima aipeleke darubini yake juu ya hewa. Darubini za hivyo wanazo wachache. Lakini wenye nazo wana utaratibu mmoja ninaoupenda: aliyeomba galaksi fulani itazamwe hupewa mwaka hivi wa kuzitumia data zake peke yake, halafu zinawekwa wazi kwa yeyote duniani. Yeyote, vijana. Hata mkimbizi ambaye cheti chake ni uji.

Mama wa ndizi alifikiri kidogo. "Kumbe nyinyi nakula ile wenzenu nabakisha."

Nikamwambia ndiyo, na ni tamu.

Aliyenitoa darasani kunipeleka Mbarara ni Dokta Barigye, mhadhiri wa fizikia. Alikuja Nakivale kutembelea shule, akanikuta nimebandika dirishani picha ya eksirei ya mkono uliovunjika, niliyopewa na muuguzi wa zahanati. Nilikuwa nawaambia watoto kwamba nyama inapitisha na mfupa unazuia, na kwamba kwa eksirei za angani hewa yetu yote ni mfupa mmoja mnene. Nikageuka, nikamwona mtu mrefu amesimama mlangoni anacheka peke yake.

"Nyabo, wewe nafanya nini hapa?" aliniuliza. Nyabo kwao ni mama.

"Niko nafundisha."

"Hapana. Mimi nauliza, wewe nafanya nini hapa, na mimi nakosa mtu kule Mbarara?"

Yeye alikuwa na Kiingereza, mimi nina Kifaransa, tukakutana kwenye Kiswahili alichokipata kwa baba yake askari. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, akisema "kuja hapa" mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Lakini sikupata kumwona mtu mwenye subira kama yake.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mgeni hagusi programu mpaka achore mchoro mmoja kwa mkono. Unapewa jedwali. Eksirei hufika kwenye darubini moja moja, na kila moja huandikwa ilifika wakati gani, imeangukia wapi kwenye picha, na ilikuwa na nguvu kiasi gani. Basi unahesabu: katika sekunde mia tano za mwanzo zimefika ngapi, weka nukta kwenye karatasi ya grafu, mia tano zinazofuata, nukta nyingine. Siku nzima. Mimi nilimaliza nikiwa na shingo ya mbao, nikamuuliza kwa nini tunajitesa na mashine ipo.

"Mashine hakuna haya," alisema. "Wewe nauliza yeye vibaya, yeye nakujibu muzuri tu."

Nilimdharau kimoyomoyo. Mwezi haukuisha nikaonyeshwa maana yake. Nilikuwa nimeshapewa ruhusa ya kutumia programu, na galaksi yangu ya kwanza ikawa inawaka vizuri, inapanda, inashuka, halafu ghafla sifuri. Sifuri mpaka mwisho. Nilikimbia kwenye korido viatu vikilia, nikamwambia Dokta nimeona galaksi ikizimika, na nikampa nusu ukurasa nilioandika kwa fahari kuhusu kifo cha galaksi hiyo. Aliusoma wote bila kutabasamu. Kisha akauliza faili lile nililipakua siku gani. Jumanne. Na Jumanne umeme ulikatika saa ngapi?

Faili lilikuwa nusu. Programu ilijaza pengo kwa sifuri na kunichorea mstari safi kabisa. Dokta aliubandika ule ukurasa wangu mlangoni kwake, na kila mgeni akifika alimwambia, "Galaksi hapana kufa. Umeme ndiyo ilikufa." Ulikaa pale miaka. Kwa hiyo mkipakua, linganisheni ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kule lilikotoka, kabla hamjaanza kumlilia marehemu.

Niwape na haya mawili kwa kuwa vitabu huyapita haraka. Ukichagua fungu la sekunde dogo mno, kila kitu kitaonekana kinarukaruka, na utagundua maajabu kila siku. Ukichagua kubwa mno, hata moto utaonekana umetulia. Jaribuni mafungu matatu tofauti kabla hamjaamini lolote. Na maduara: duara moja mnalichora juu ya galaksi, jingine juu ya anga tupu jirani, kisha mnatoa hesabu ya la pili kwenye la kwanza. Lile la anga tupu watu hulichora ovyo kwa sababu halina kitu. Lichoreni kwa heshima, maana ndilo linalowaambia ukweli. Mimi nililisahau siku moja na nusura nimharibie mtu maisha yake.

Mtu huyo ni Riziki. Nilimfundisha tangu akiwa mdogo Nakivale, akikaa kwenye tofali kwa kuwa madawati hayakutosha. Mama yake, Nabintu, tulitoka naye upande mmoja wa Kivu. Nabintu alikuwa akichambua maharage ya wafanyabiashara wa Rugaaga na Ngarama, na kwa ungo ule alimlea binti yake mpaka akapata shahada, kisha akapata wafadhili wa kumsomesha shahada ya pili palepale chuoni kwetu. Wa kwanza kutoka kambini kwetu. Dokta ndiye msimamizi wake, na mimi ndiye niliyemtayarishia data.

Kutayarisha data, kazi yake kubwa ni kutupa. Jua letu mara nyingine hurusha chembechembe kali angani, zikaingia darubinini na kuijaza picha yote. Ni sawa na mvua juu ya mabati: mtu anaongea mbele yako nawe husikii neno. Saa hizo za kelele hazina faida, unazikata na kuziweka kando. Nilikuwa hodari wa kukata. Tena diski zetu zilikuwa ndogo, mashine zenyewe tulizipokea zikiwa zimechoka kwa wenzetu, kwa hiyo nikishakata nilikuwa nafuta kabisa: makapi nafuta, faili la asili nafuta, nabaki na lile safi. Siku moja nilikuta Riziki ameyahifadhi makapi ya galaksi yake kwenye folda. Nikamgombeza.

"Hii takataka unaichunga juu ya nini? Inajaza masini bure."

"Acha tu, Mwalimu," alisema. "Itanisaidia mbele."

Nilimwambia afute. Aliitikia ndiyo, akaendelea na kazi yake.

Tasnifu yake ilikamilika. Ilisema kwamba galaksi ile, tofauti na ndugu zake, imetulia: kiini chake hakipandi wala hakishuki. Halikuwa jambo la kushangaza watu, lakini lilikuwa jambo. Ikachapishwa, ikajaladiwa kwa jalada la buluu, ikapelekwa kwa mtahini wa nje. Siku ya kuitetea ikapangwa. Na sote tulijua sharti la wafadhili: muhula ule ulikuwa wa mwisho. Asipopita, hakuna nyongeza. Anarudi Nakivale na shahada yake ya kwanza, na mlango umefungwa.

Zikiwa zimebaki siku tisa, Jumapili, nilipanda lori la matoke, zile ndizi za kupika, lililokuwa linarudi tupu Isingiro upande wa Nakivale, nikaenda kumsalimia Nabintu. Tulitoka kanisani tukaketi nje ya nyumba yake, naye akavuta ungo. Alichambua nusu gunia huku tunaongea: mazuri huku, mawe kule, na makapi, yaani yaliyosinyaa, yaliyovunjika na meusi, kwenye beseni peke yake. Alipomaliza akalisukuma beseni mpaka magotini pangu.

"Na weye angalia."

"Niangalie nini? Si umeisha kutupa?"

"Njo maana uangalie weye. Mwenye alitupa hawezi kuona. Macho yake imeisha kusema ni mabaya."

Kumbe kwao ndivyo walivyofanya siku zote, yeye na mama yake na nyanya yake. Makapi hayamwagwi mpaka mtu mwingine ayapitie, tena ageukie upande mwingine wa mwanga. Niliingiza mkono kwa kumridhisha tu. Nikatoa maharage mazima, mengi, ambayo kosa lake lilikuwa kulowa. Yalikuwa na weusi wa maji. Nabintu akacheka, akayarudisha kwenye mazuri.

Mimi sikucheka. Nilikaa na beseni mapajani nikajiuliza: makapi yangu aliyapitia nani?

Jumatatu asubuhi nilifika chuoni kabla ya mfagizi. Faili la asili tulishalifuta, na kulipakua upya kwa mtandao wetu ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Nikafungua mashine ya Riziki kutafuta ile folda niliyomwamuru aifute. Ilikuwepo. Ameiita "makapi".

Nilifanya kama mgeni. Karatasi ya grafu, penseli, hesabu. Kwanza duara la anga tupu: nukta zimelala chini, mstari mmoja, hazina habari. Kama jua lingekuwa na ghasia, anga tupu nalo lingejaa. Jua lilikuwa limetulia kabisa. Kisha duara la galaksi. Nukta zikaanza kupanda. Zikapanda mpaka nikaongeza karatasi kwa gundi. Kwa muda wa saa tatu galaksi ile iliwaka mara tatu ya mwanga wake, ikashuka taratibu.

Nikaelewa nilichofanya. Nilipokuwa naamua saa zipi zina kelele, nilipima picha yote kwa pamoja, galaksi ikiwemo ndani, kwa sababu ni haraka zaidi. Galaksi yenyewe ilipowaka, mimi nikadhani ni jua. Nikaukata moto wote, nikabakiza utulivu, nikampa binti wa watu aandike kwamba galaksi imetulia. Nilimnyamazisha msemaji halafu nikashangaa mbona hasemi.

Hapa vijana nawaambia jambo ambalo sijivunii. Nilinyamaza siku nzima. Nilijiambia mtahini hataona, hakuna mwenye lile faili chuoni ila sisi, na galaksi haitakuja ofisini kulalamika. Nilijiambia namlinda Riziki. Uongo, nilikuwa najilinda mwenyewe pia, maana mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja na ule ulikuwa unakaribia kuisha. Saa nne Riziki alileta chai na mandazi, tukanywa pamoja. Alikuwa anajizoeza hotuba yake, akaniuliza kama sauti inasikika. Nikasema inasikika.

Jumanne nilishindwa. Mvua ilikuwa inanyesha, matone yanaanguka ndooni, mimi nikamtandikia zile karatasi za grafu mezani na kumweleza yote bila kujitetea. Riziki alizitazama zote. Halafu akanyanyuka, akachukua ndoo iliyokuwa haijajaa hata robo, akatoka nayo kwenda kuimwaga. Nilimsubiri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Ulijua tangu lini, Mwalimu?"

"Jana."

"Jana asubui?"

"Asubui."

"Na ukakunywa na miye chai."

Katika maisha yangu nimeambiwa maneno makali na watu wenye bunduki, lakini hayo ya chai ndiyo ninayoyakumbuka zaidi. Nikamwomba msamaha. Alivuta kiti, akachukua penseli, akaanza kuhesabu upya makapi yangu kutoka nukta ya kwanza, maana mwenye kutupa haoni. Ilipofika mchana akasema nukta mbili nimezikosea, lakini moto upo kweli.

"Juu ya nini hukuifuta ile folda?" nilimuuliza.

"Kwetu makapi inangojea mwenye alitupa aseme ipitiwe," alisema. "Nilingojea useme. Haukusema."

Tulikwenda kwa Dokta wote wawili. Alisikiliza, akaweka miwani mezani, akatupangia mambo kama yalivyo.

"Njia iko mbili. Wewe naondoa kitabu, wafadhili nafunga mlango, kwisha. Ama wewe naingia na hii kitabu, nasema mwenyewe mbele ya mtu ya nje, kosa iko hapa. Yeye naweza kukuangusha. Mimi hapana danganya wewe."

"Na nikinyamaza?" Riziki aliuliza. Nadhani alitaka tu kulisikia likijibiwa.

"Wewe napita," Dokta alisema. "Halafu kila mara unaona ile kitabu, unajua."

Riziki alinitazama mimi, si yeye. "Ntaingia nayo."

Niliomba niingie chumbani pamoja naye nikajieleze. Dokta akakataa, akasema nikae nje na niandike. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa watahini: nilichopima, nilichopaswa kupima, kwamba kosa ni langu na mwanafunzi hakulijua. Nikatia sahihi. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na iliniuma kuliko ile ya kifo cha galaksi.

Siku saba tulizobakiwa nazo sikumbuki tulikula nini. Tuliunganisha makapi na yale safi, tukapima upya kwa duara la anga tupu kama inavyotakiwa, tukajaribu mafungu matatu ya sekunde. Moto ulibaki mahali pake kila mara. Riziki hakunichangamkia siku hizo, ila siku ya nne alinisukumia andazi, nami nikalila kwa shukrani nyingi.

Siku ya kutetea, Nabintu alikuja amevaa kitenge cha Pasaka. Tuliketi kwenye benchi koridoni. Mlango ulikuwa mwembamba, sauti zinasikika ila maneno hayashikiki.

"Bale bantu bako banamufanya nini?" aliniuliza.

"Banamuuliza maswali."

"Maswali ya nini? Si yeye njo alibiandika?"

Ndani, kama Riziki alivyonisimulia baadaye, alianza kwa kusema kwamba sura ya nne ya kitabu walichoshika mkononi si kweli. Mmoja wa watahini akafunga chake. Mtahini wa nje, mama mmoja wa makamo ambaye hakuwa ametabasamu tangu afike, akamwambia aendelee. Riziki akawaonyesha kosa, kisha akatoa karatasi za grafu zilizogandishwa kwa gundi. Yule mama alizichukua, akaenda nazo dirishani, akaziinua kwenye mwanga kama mimi nilivyobandika picha ya ule mkono uliovunjika kule Nakivale.

"Kinachopanda kwa muda wa saa tatu kinakuambia nini?" aliuliza.

"Kwamba ni kidogo," Riziki alijibu. "Kitu hakiwezi kuwaka chote kwa haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Kama kimewaka kwa muda wa saa tatu, basi hakizidi upana wa safari ya mwanga ya saa tatu. Galaksi nzima, na moto wake unatoka sehemu ndogo kiasi hicho."

"Na nani aliyehifadhi data zilizotupwa?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

Riziki akanyoosha kidole mlangoni, akasema, "Mama yangu. Yuko nje. Kazi yake ni kuchambua maharage."

Waliposhauriana tulikaa watatu kwenye benchi. Nabintu alimshika binti yake mkono, na Riziki, sijui kama alijua anachofanya, akanishika mimi mkono wangu. Kisha Dokta akafungua mlango. Alijaribu kuweka uso wa askari, akashindwa. Amepita, kwa sharti la kuandika upya sura ya nne. Kupita kwa sharti ni kupita. Wafadhili hawakuwa na neno. Nabintu akapiga kigelegele mpaka wanafunzi wa kemia wakatoka madarasani kuona nani anaolewa. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Dokta akaubandua ule ukurasa wa marehemu mlangoni kwake akabandika nakala ya grafu, na mkataba wangu aliupitisha bila kuutaja.

Sasa Riziki anafundisha, mnamjua. Wengine wenu ndiye aliyewaleta kazini. Lakini kuna jambo la mwisho hamlijui. Alipokuwa anaandika upya, alinionyesha aya yake kuhusu kosa. Aliandika: "Katika kuchuja data, kosa lilifanyika." Nikamrudishia.

"Lilifanyika na nani? Lilijifanya lenyewe?"

"Mwalimu, siwezi kukuweka mu kitabu vile."

"Uniweke. Watu wataamini masahihisho wakijua nani alikosea na wapi."

Tulibishana siku mbili. Mwishowe aliniweka, lakini akaniweka na jirani. Nilikipeleka kitabu kipya Nakivale mwenyewe, na kwa kuwa Nabintu hasomi, nilimsomea ule ukurasa tukiwa tumeketi palepale penye ungo. Unasema kwamba data ilichujwa vibaya na Mapendo, fundi wa maabara, ambaye aligundua kosa lake na kulisema. Na kwamba desturi ya kuyapitia makapi kwa macho ya mtu mwingine imetoka kwa Nabintu, mchambuaji wa maharage, Nakivale. Nabintu aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nimwonyeshe kwa kidole jina lake liko wapi, na langu liko wapi, akayagusa yote mawili.

"Tuko fasi moja," alisema. "Miye juu ya maharagi, weye juu ya kosa." Tukacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Halafu akauliza, "Na nani atakisoma?"

Nilimwambia kuna watu watakuja.

Hicho kitabu kiko kabati la kushoto, rafu ya pili, jalada la buluu, ukurasa nimeutia uzi mwekundu. Katika miaka yangu yote ya kazi jina langu limechapwa mara moja tu, na ni pale, ubavuni mwa kosa langu. Kalisomeni kabla hamjafuta kitu.